Jino la Skrubu: Kutoka Kung'oa Gego Hadi Kutafuna Tena

Gego langu la kwanza la chini, upande wa kulia, lilikuwa limeshatibiwa mzizi miaka mingi nyuma. Lilitafuna bila kelele hadi nikasahau kwamba halina neva. Kisha kwenye fizi pembeni yake kikaanza kuota kijipele chenye usaha: kinajaa, kinapasuka, kinapotea, wiki kadhaa baadaye kinarudi. Maumivu ya kusema hayakuwepo. Jino lililotolewa neva mara nyingi halikuambii kwamba linaharibikia chini kwa chini, ndiyo maana wengi hulibeba hivyo hivyo hadi uso uvimbe.

Daktari alipitisha kifimbo chake chembamba cha kupimia kuzunguka jino lote. Pande nyingi kilizama milimita 2 au 3, kiasi cha kawaida, lakini mahali pamoja kikatumbukia ghafla hadi karibu na ncha ya mzizi. Mzizi umepasuka kwa urefu wake, akasema, na ufa wa aina hiyo hauzibiki. Jino litoke.

Nilidhani kinachofuata ni sindano ya ganzi. Yeye akaweka vyombo chini, akauliza, "Pakishakuwa pengo hapa, unataka pakae nini?"

Nikamwambia sijafikiria.

"Basi tufikirie kwanza, maana jibu lako ndilo litakaloniambia nilitoe vipi."

Watu ninaowafahamu waliopata habari za jino la kupandikiza, yaani skrubu inayokazwa ndani ya mfupa wa taya na kuvikwa jino bandia juu yake, wengi walizipata miaka kadhaa baada ya kung'oa, wakaenda na matumaini yao, wakaambiwa mfupa hautoshi. Mimi zilinifikia kabla, kwa bahati tu ya kuangukia kwa daktari anayependa kuzungumza.

Jambo lenyewe liko hivi. Ule mfupa unaoshika mizizi huishi kwa kulitegemea jino. Kila unapotafuna, jino huuvuta na kuusukuma kidogo, nao hujijenga kulingana na kazi hiyo. Jino likitoka, kazi imekwisha, na mwili hauna desturi ya kulisha kisichofanya kazi. Ukuta wa nje, ule wa upande wa shavu au mdomo, ndio mwembamba zaidi. Kwenye meno ya mbele mara nyingi haufiki hata milimita 1, na ndio unaotangulia kuyeyuka. Katika mwaka wa kwanza pengo linaweza kupoteza karibu nusu ya upana wa mfupa wake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo huwa imeshatokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Huumwi na chochote. Fizi imepona vizuri, unaipitisha ulimi, unaona mambo yamekwisha.

Kwa hiyo anayeng'oa leo na kusema atarudi akijaliwa, akirudi baada ya miaka anaweza kukuta taya limekonda na skrubu haina pa kushika, hadi mfupa uongezwe kwa upasuaji wa peke yake. Kwa magego ya juu kuna shida ya ziada: uwazi wa sainasi, ule wenye hewa ulio juu ya magego hayo, hushuka kuelekea pengo, na mfupa uliobaki chini yake huwa mfupi mno. Hapo daktari hulazimika kuuinua utando wa sainasi na kujaza mfupa chini yake. Ni kazi inayofanyika na watu hupona, lakini ni gharama, muda na uvimbe juu ya ule ambao ungekuwepo tu.

Bado sikuwa nimekubali kupandikiza. Kuliacha pengo wazi ni uamuzi halali kabisa, hasa kwa gego la mwisho ambalo hakuna anayeliona wala anayelikosa sana. La kwanza ni habari nyingine. Ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kutafuna, na likiondoka, jirani wa nyuma huanza kulalia upande wa pengo, huku la juu lililokuwa likitazamana nalo likishuka taratibu. Meno bandia ya kuvaa na kuvua nayajua kwa shangazi yangu, ambaye akimaliza kula huyatoa na kuyaweka kando kwa sababu yanambana. Kwa pengo la jino moja niliona yatakuwa mzigo kuliko msaada.

Daraja ndilo lililonivutia kwa muda mrefu. Linakwisha ndani ya wiki chache na halina upasuaji. Ila ili daraja likae, meno mawili ya jirani husagwa pande zote yapungue, kisha yakavikwa kofia, yaani maganda yenye umbo la jino, zinazobeba jino la katikati. Jirani zangu walikuwa wazima, hawajawahi kuguswa na mashine. Kuyasaga meno mawili mazima ili kuziba nafasi ya moja lililokufa, hesabu hiyo ilinishinda. Laiti meno hayo yangekuwa yameshajazwa na yanahitaji kofia kwa vyovyote, ningechukua daraja bila kusita, na simwelewi anayemcheka aliyefanya hivyo.

Nikasema tupandikize. Na hapo nikaona maana ya lile swali lake, kwa sababu jino halikung'olewa kwa nguvu za mkono. Alilikata katikati kwa mashine, mzizi wa mbele ukaachana na wa nyuma, kisha akaulegeza kila mmoja peke yake kwa chombo chembamba kinachokata nyuzi zinazoushikiza mfupani. Ilichukua muda. Ndugu zangu kadhaa wameng'olewa kwa kutingishwa huku na huku hadi jino likaja, na kutingisha huko ndiko kunakouvunja ukuta wa nje, ule ule mwembamba unaohitajika baadaye. Alipomaliza akakwangua nyama mbovu iliyokuwa imejificha kwenye tundu, akaosha, akajaza chembechembe za mfupa.

Hizo chembechembe hutoka wapi? Naona wagonjwa wengi hawaulizi, na nadhani wangeuliza. Zipo zinazotokana na mfupa wa ng'ombe uliosafishwa hadi yakabaki madini matupu. Zipo za nguruwe. Zipo za mfupa wa binadamu aliyejitolea baada ya kufa, zipo zilizotengenezwa maabara, na unaweza pia kuchukuliwa mfupa wako mwenyewe kutoka sehemu nyingine ya taya. Kama dini au dhamiri yako ina neno juu ya hilo, pa kulisema ni kabla ya ganzi, na daktari mwenye adabu hatashangaa. Mimi niliuliza, nikajibiwa, nikaridhika. Kazi ya chembe hizo ni kushikilia nafasi wakati mwili unapenyeza mishipa ya damu na kujenga mfupa wake katikati. Haziuzuii kabisa mfupa kuyeyuka, ila huupunguzia kasi na kiasi. Juu yake akafunika utando wa kolageni unaoyeyuka wenyewe, akashona.

Siku za mwanzo shughuli yote ni kulilinda donge la damu. Hausukutui kwa nguvu, hautemi mate kwa kishindo, haunyonyi kinywaji kwa mrija, hauvuti sigara. Donge likitoka mapema, mfupa hubaki uchi, na maumivu yake huanza siku chache baada ya kung'oa, pale hasa unapotarajia nafuu, yakapanda hadi sikioni. Langu lilikaa. Chembechembe chache zilinitoka mdomoni zikiwa chengachenga, nikapiga simu kwa wasiwasi, nikaambiwa chache si neno mradi mshono umeshika.

Kisha ukaja muda wa kusubiri, ambao haupewi nafasi katika mazungumzo ya watu kuhusu jambo hili. Wapo wanaowekewa skrubu siku ile ile ya kung'oa. Kwa jino la mbele lenye mzizi mmoja, mfupa mzima na hakuna usaha, hufanyika na hufanikiwa. Langu lilikuwa na usaha na tundu pana la mizizi miwili, kwa hiyo miezi ikapita nikitafunia upande mmoja. Upande huo nao ulichoka. Taya lina namna yake ya kulalamika likipewa kazi ya wawili.

Katika miezi hiyo nilisoma asili ya jambo hili, nikaona kwamba lilianza kwa kusubiri vilevile. Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi, hakuwa daktari wa meno. Mwaka 1952 alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa ulio hai, akapachika kwenye miguu ya sungura vyombo vidogo vya kutazamia vilivyotengenezwa kwa titaniamu. Utafiti ulipokwisha akataka kuvitoa avitumie tena, vikagoma. Mfupa ulikuwa umevishika wenyewe, bila nyama katikati. Mwaka 1965 akamwekea vipandikizi Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, na Larsson akaendelea kuvitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Wenzake wengi hawakumwamini Brånemark kwa miaka mingi; kukubalika kwa upana kulikuja baada ya mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982. Utaratibu wake wa awali uliitaka skrubu iachwe bila mzigo miezi 3 au zaidi kwenye taya la chini, na karibu 6 kwenye taya la juu, kwa kuwa mfupa wa juu ni laini zaidi. Siku hizi uso wa skrubu hukwaruzwa ili mfupa uishike haraka, na wengi hungoja pungufu ya hapo.

Kabla ya upasuaji nilipigwa skani ya taya inayoonyesha pande zote tatu. Eksirei ya kawaida huonyesha urefu wa mfupa, lakini unene wake kutoka upande wa shavu hadi upande wa ulimi hauonekani humo. Tena ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia za mdomo wa chini na kidevu. Daktari hulenga kuacha angalau milimita 2 kati ya ncha ya skrubu na mshipa huo, kwa sababu akiujeruhi unaweza kubaki na ganzi mdomoni kwa miezi, au kwa maisha. Nilimwomba anionyeshe kwenye skrini, akapima mbele yangu. Yalikuwa mazungumzo mafupi, na yalinipa usingizi kuliko maneno yote ya kunitia moyo. Kama ningeambiwa nikae kwenye kiti nitobolewe taya la chini bila picha ya namna hiyo, nisingekaa.

Aliuliza pia habari za afya: sukari, sigara, mionzi ya saratani kichwani au shingoni, na dawa za kuimarisha mifupa. Hizi za mwisho watu huzisahau, maana baadhi huchomwa mara moja kwa miezi 6 na nyingine mara moja kwa mwaka, na mgonjwa hazihesabu miongoni mwa dawa anazotumia. Baadhi yake hufanya mfupa wa taya ushindwe kupona baada ya kung'oa au kupasua. Kwa hiyo zitajwe hata kama zilichomwa zamani. Sukari isiyodhibitiwa na sigara hazikufungii mlango moja kwa moja, lakini huongeza uwezekano wa skrubu kukataliwa, na daktari anayekwambia "haina shida" bila hata kuuliza unavuta kiasi gani, mimi ningemwogopa.

Siku ya skrubu ilikuwa nyepesi kuliko siku ya kung'oa. Najua anayengoja zamu yake haamini. Hata mimi niliambiwa nikaguna. Ganzi ikishashika, kinachobaki ni mtetemo unaopita kwenye taya hadi sikioni, na maji. Maji mengi. Mfupa ukipashwa moto hadi nyuzi joto 47 za Selsiasi kwa dakika moja huanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki titaniamu. Ndiyo maana mashine huzungushwa polepole kuliko ile ya kuziba meno, tundu hupanuliwa kidogo kidogo kwa ncha zinazoongezeka unene, na maji ya chumvi hayaachi kumwagika. Mwisho skrubu yenyewe ikaingia, haizidi urefu wa kucha ya kidole gumba, ikakazwa kwa kifaa chenye kipimo. Alipoona imeshika vizuri, akaifunga juu kifuniko kifupi kinachochungulia kwenye fizi, ili fizi ipone ikiwa imeshazunguka nafasi ya jino lijalo. Skrubu isiyoshika sawasawa hufunikwa kabisa chini ya fizi na kufunguliwa baadaye kwa kupasua kidogo.

Uvimbe uliendelea kupanda hadi kama siku ya tatu, ukashuka. Dawa za maumivu niliziacha mapema.

Sasa hapa pana jambo ambalo nisingelijua kama daktari asingelirudia mara mbili. Siku ya kwanza skrubu hushikwa na ubanaji tu. Baada ya hapo mwili huanza kuuondoa ule mfupa uliobanwa ili ujenge mpya, na kipo kipindi, karibu wiki ya 3 na ya 4, ambapo ushikaji wa zamani umepungua na mpya haujakomaa. Skrubu huwa dhaifu wakati huo kuliko ilivyokuwa siku iliyowekwa. Na mgonjwa je? Hana maumivu, hana uvimbe, nyuzi zimetolewa, anatamani kujaribu. Ikitikiswa sana wakati huo, badala ya mfupa huota nyama laini kuizunguka, na itabidi itolewe. Nilikaa na vyakula laini upande ule hata pale ambapo nafsi iliniambia nimeshapona, na kila aliyeniona nikikwepa karanga aliniona ninajidekeza.

Katika tafiti za muda mrefu, zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 huwa bado vipo baada ya miaka 10. Ni takwimu nzuri. Lakini unapolala na kuamka na skrubu mfupani, unamfikiria yule wa kumi.

Mfupa ulipokomaa, ikaja kofia. Kifuniko kilifunguliwa bila hata ganzi, vipimo vikachukuliwa kwa kamera ndogo inayozungushwa mdomoni, rangi ikalinganishwa na ya meno ya jirani. Kati ya skrubu na kofia kuna kiunganishi, kipande kinachopanda kutoka mfupani hadi juu ya fizi. Kofia hushikizwa kwa njia mbili: kwa gundi, au kwa skrubu ndogo inayopita katikati ya kofia na tundu lake kuzibwa kwa kijazo cheupe. Nilichagua ya skrubu. Gundi ikivuja chini ya fizi na isionekane, huleta uvimbe unaoula mfupa polepole. Na kofia ya skrubu inaweza kufunguliwa siku yoyote ikaangaliwa, ikarudishwa. Ubaya wake ni kwamba ukifungua kinywa sana kile kijazo huonekana. Kwa gego, nani atakitazama?

Hapa ndipo bili huwashtua watu, kwa sababu ile bei ya "jino la kupandikiza" wanayotajiwa mara nyingi ni ya skrubu peke yake. Kiunganishi kina bei yake, kofia ina yake, chembechembe za mfupa, utando, skani, kung'oa, vyote vina vyake. Niliomba mwanzoni niandikiwe jumla ya kila kitu hadi siku ya kutafuna, pamoja na nani atalipa skrubu ikikataliwa. Swali hilo la mwisho halikumfurahisha mtu wa mapokezi. Daktari alilijibu bila shida.

Kutafuna kwa jino hili ndiko kulikonishangaza, na sioni watu wakikusema. Jino la asili limening'inizwa kwenye tundu lake kwa nyuzi nyembamba mno zenye hisia. Hizo ndizo zinazokuambia kuna punje ya mchanga kwenye mboga, tena ni ya ukubwa gani, na hukufanya uache kuuma kabla jino halijavunjika. Skrubu haina nyuzi hizo. Imeshikana na mfupa moja kwa moja. Unatafuna, chakula kinasagika, nguvu ipo, lakini habari za kilichomo hazifiki vizuri. Ni kama kupapasa kitu ukiwa umevaa glavu. Mwezi wa kwanza niliuma kwa wasiwasi upande ule. Baadaye misuli na mfupa wenyewe hujifunza kukuletea sehemu ya habari hizo, na sasa hupita siku nzima sijalikumbuka, ila nikikutana na kitu kigumu bado jino la upande wa pili hunionya mapema kuliko hili.

Kwa sababu hiyo hiyo, daktari alitumia muda mrefu na karatasi ya rangi, niume, nifungue, niume tena, akisaga kofia mahali pasipoonekana. Meno ya asili huzama kidogo sana kwenye nyuzi zake unapouma kwa nguvu, skrubu haizami. Kofia ikiachwa igusane sawasawa na mengine, ukikaza itajikuta inabeba mzigo wa wote. Kwa hiyo hupunguzwa igusane kwa wepesi. Mimi huwa nasaga meno usingizini, nikaongezewa kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Naichukia. Naivaa.

Halafu kuna chakula kunasa. Shingo ya kipandikizi ni nyembamba kuliko shingo ya gego, kwa hiyo pembeni yake, karibu na fizi, hubaki nafasi, na nyuzi za nyama huipenda sana. Tena meno ya asili husogea mbele kidogo kidogo maisha yote ilhali skrubu imeganda pale ilipo, basi baada ya muda kofia iliyokuwa imegusana vizuri na jirani wa mbele inaweza kuachana naye. Hilo likitokea kofia huongezewa upande ule au hubadilishwa. Nilikuwa na uzi wa meno nilioutumia kwa kusuasua. Kiburashi chembamba cha kupenyeza katikati ya meno kimekuwa kitu cha kila usiku, nacho kina saizi, na saizi yangu alinichagulia yeye kwa kuzijaribu.

Titaniamu haiozi, na watu husikia hapo wakaacha kusikia. Fizi inayoizunguka huvimba kwa ukoga vilevile, na ulinzi wake ni hafifu kuliko wa jino la asili kwa kuwa haikujishikiza kwa nyuzi zilizopandwa kwenye mzizi. Uvimbe ukiachwa hushuka hadi mfupani, mara nyingi bila maumivu, na mfupa huanza kupungua kuizunguka skrubu. Dalili ninazoambiwa nizitazame ni damu ninapopitisha kiburashi, usaha, harufu, au ladha mbaya isiyoisha. Na eksirei mara kwa mara, ikilinganishwa na ile iliyopigwa siku kofia ilipowekwa. Ile ya kwanza ndiyo kipimo. Bila hiyo, ya leo haisemi mengi.

Siku kofia ilipofungwa nilipewa kadi ndogo yenye jina la kampuni iliyotengeneza skrubu, aina yake, unene, urefu na namba ya toleo. Nilikuwa nimeiomba, maana nilisoma kwamba si kila mahali huitoa wenyewe. Kwa nini inahitajika nilikuja kuona nikiwa safarini, mbali na daktari wangu. Nilikuwa nasafisha meno, kofia ikazunguka kidogo chini ya kiburashi. Moyo ulinishuka, nilijua mfupa umeachia na kila kitu kimekwisha.

Daktari niliyempata huko aligonga, akapiga eksirei, akaniambia mfupa uko salama, kilicholegea ni ile skrubu ndogo ya kofia. Kisha akaniuliza ni ya kampuni gani. Bisibisi za vipandikizi hazifanani: ncha ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye skrubu ya nyingine, na ukilazimisha, kichwa cha skrubu hulika na hapo haikazwi wala haifunguki. Nikatoa kadi. Akaangalia kwenye droo zake, akasema anayo ya aina hiyo, akakitoa kijazo cheupe, akafungua, akasafisha ndani, akaweka skrubu ndogo mpya na kuikaza kwa kipimo kilichoandikwa na kampuni. Nilipokuwa nashuka kwenye kiti akanisisitiza kwamba likicheza tena nisilitafunie hata mlo mmoja, kwa sababu skrubu iliyolegea ikiendelea kubebeshwa mzigo huvunjikia ndani, na kukitoa kipande kilichobaki humo ni kazi ambayo hata yeye haipendi.